Namna ya kuusoma mfumo wa elimu ya juu wa nchi nyingine kabla ya kuomba nafasi

Neno "chuo" limebeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Mtoto wa pwani anayekwenda chuoni huenda anakwenda kusoma Kurani. Dada yake aliye chuo mjini anajifunza ushonaji. Na kaka yao aliyemaliza chuo ana shahada ya uhandisi. Sisi wenyewe hatupotei, kwa kuwa mazungumzo hujieleza yenyewe. Makosa huanza pale mtu anapofungua tovuti ya taasisi ya Ujerumani, Ufaransa au Marekani akiwa na neno hilo moja kichwani, akadhani kwamba kila nchi ina wizara moja na tume moja inayosimamia kila kitu, na kwamba penye jina la chuo kikuu pana shahada.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwombaji, mzazi au ofisa udahili anayetaka kuuelewa mfumo wa nchi asiyoijua kabla ya kutoa hata senti moja ya ada ya maombi. Orodha za vyuo bora duniani hazimo, kwa sababu kwa maoni yangu hizo ni za kutazamwa mwisho kabisa, kama zitatazamwa. Kazi yote huzunguka swali moja: mamlaka ya kutunuku shahada hii yametoka kwa nani, na nani ana uwezo wa kuyaondoa?

Anza na nyumba yako

Chukua karatasi, uchore visanduku vinne. Katika cha kwanza andika anayetunga sheria ya vyuo, katika cha pili anayetoa ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba chuo kinafaa, katika cha tatu anayepanga au kupokea wanafunzi, na katika cha nne anayelipa. Jaza kwanza nchi yako. Kwa Tanzania, sheria inatoka bungeni. Ithibati ya vyuo vikuu iko kwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoanza kazi mwaka 2005. Astashahada na stashahada za kiufundi ziko chini ya NACTVET. Na mikopo iko kwa HESLB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kwa Kenya, ithibati iko kwa CUE chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, upangaji wa wanafunzi wanaosaidiwa na serikali uko kwa KUCCPS, na mikopo iko kwa HELB. Mganda ataandika NCHE katika kisanduku cha pili.

Tazama jambo moja ambalo Watanzania wengi hulipita bila kuliona. Elimu ya juu imo katika orodha ya mambo ya Muungano kwenye Katiba, ilhali elimu ya msingi na sekondari haimo. Ndiyo maana shule za Zanzibar zina wizara yao, lakini chuo kikuu kilichopo Unguja hupata ithibati kwa tume ileile inayokikagua chuo cha Mwanza. Ngazi ya serikali inayoshika elimu ya juu haifahamiki kwa kukisia; huandikwa mahali fulani katika katiba au sheria, na hapo ndipo pa kuanzia unapovuka mpaka.

Uliza ni ngazi gani ya serikali inayoshika vyuo

Ujerumani ni mfano mzuri kwa sababu mpangilio wake ni kinyume cha wetu. Nchi ile ina majimbo 16, na kila jimbo lina wizara yake ya sayansi na sheria yake ya vyuo vikuu. Serikali ya shirikisho huchangia utafiti na misaada ya wanafunzi, lakini vyuo si vyake, isipokuwa vichache kama vile viwili vya jeshi vilivyopo Hamburg na München. Mageuzi ya katiba ya mwaka 2006 yaliiondolea hata ile nafasi iliyokuwa nayo ya kuwawekea majimbo mfumo wa jumla wa sheria za vyuo.

Matokeo yake humfikia mwanafunzi mfukoni. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba shirikisho halikuwa na haki ya kuyakataza majimbo kutoza ada. Baadhi ya majimbo yakaanza kutoza euro 500 hivi kwa muhula, kisha yakaacha moja baada ya jingine, na la mwisho, Niedersachsen, liliacha mwaka 2014. Msemo kwamba "Ujerumani kusoma ni bure" ukaenea tangu hapo, nao haukukosea sana, ila ulisahau kwamba kila jimbo lina kalamu yake. Tangu muhula wa baridi wa 2017/18, jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Bavaria nayo ilivipa vyuo vyake ruhusa ya kuamua vyenyewe, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kikaanza kuwatoza wageni wapya ada mwaka 2024. Mwombaji aliyeandika tu "Ujerumani" katika kisanduku chake cha nne, bila jina la jimbo, atakuwa na kisanduku kisicho na jibu.

Uingereza nayo husomwa vibaya kwa namna hiyohiyo. Jina ni moja lakini mifumo ni minne: ya England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, kila mmoja ukiwa na chombo chake cha kugawa fedha na utaratibu wake wa ada. Shahada ya kwanza yenye daraja la heshima kwa kawaida huchukua miaka mitatu England na minne Scotland, na tofauti hiyo ya mwaka mmoja inatosha kuharibu bajeti ya familia iliyopiga hesabu kwa kutumia tovuti isiyo yake.

Tafuta chanzo cha mamlaka ya kutunuku shahada

Hapa ndipo penye uzito wa kazi, kwa hiyo usikimbilie mbele.

Huko England, kutoa shahada bila mamlaka ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1988. Vyuo vya kale vilipata mamlaka hayo kwa hati ya kifalme au kwa desturi ya karne nyingi, na vyuo vingi vya ufundi viliyapata mwaka 1992 vilipopandishwa kuwa vyuo vikuu. Leo msimamizi ni Office for Students, chombo kilichoanza kazi mwaka 2018, chenye rejista iliyo wazi kwa umma ambamo kila taasisi huonekana pamoja na kama ina mamlaka ya kutunuku shahada au haina. Hilo la mwisho ndilo la kutazama. Zipo taasisi halali kabisa zinazofundisha kozi ya shahada ilhali shahada yenyewe hutolewa na chuo kikuu kingine. Utaratibu huo si mgeni kwetu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wa kwanza walisomea shahada ya London wakiwa Dar es Salaam. Kwa hiyo usiogope ukikuta majina mawili. Ogopa pale jina la pili linapokosekana na la kwanza halina mamlaka.

Ufaransa inafuata hesabu nyingine kabisa. Sheria ya Machi 1880 iliweka haki ya kutunuku madaraja ya kitaaluma mikononi mwa dola na kuzikataza taasisi za binafsi kujiita "université". Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Paris, kilichokuwa kimefunguliwa mwaka 1875, ikabidi kibadili jina kiwe Institut Catholique de Paris, na ndilo jina la kinachofundisha hadi leo. Athari yake kwa mwombaji ni kwamba jina la shule halimwambii mengi, bali aina ya cheti ndiyo inayomwambia. Diploma ya kitaifa, yaani ile inayotolewa kwa jina la dola, ina nguvu sawa kokote ilikopatikana. Diploma inayotolewa na shule kwa jina lake yenyewe inaweza kuwa ya maana sana kazini, lakini haiingii moja kwa moja katika ngazi ya licence, master na doctorat, yaani shahada ya kwanza, ya umahiri na ya uzamivu. Cheo cha mhandisi kina mlinzi wake wa pekee, Commission des titres d'ingénieur, iliyopo tangu mwaka 1934. Ukiona shule inatangaza "master" bila kusema ni diploma ya aina gani, waandikie uwaulize.

Marekani humchanganya Mswahili kuliko nchi nyingine yoyote, kwa kuwa kisanduku cha pili, pale tulipoandika TCU au CUE, hakina jina la serikali. Katiba ya nchi hiyo haitaji elimu, na Marekebisho ya Kumi yanawaachia majimbo na wananchi yale ambayo shirikisho halikupewa. Wizara ya Elimu ya shirikisho iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na sheria hiyohiyo iliikataza kuelekeza mitaala au kutawala shughuli za vyuo. Jimbo ndilo linaloipa taasisi ruhusa ya kufanya kazi. Ithibati hutolewa na mashirika ya binafsi yasiyo ya serikali, ambayo vyuo vyenyewe ni wanachama wake, na ambayo hutuma wahadhiri na viongozi wa vyuo vingine kwenda kukagua wenzao. Serikali ya shirikisho hubaki na kamba moja, nayo ni fedha: mwanafunzi hapati mkopo wala msaada wa shirikisho isipokuwa chuo chake kina ithibati ya shirika linalotambuliwa na wizara.

Kwa hiyo ithibati ya Marekani hukaguliwa kwa hatua mbili, na wanaotapeliwa ni wale wanaoishia ya kwanza. Kwanza, chuo kinasema kimepewa ithibati na shirika fulani. Pili, shirika hilo lenyewe linatambuliwa na nani? Viwanda vya shahada feki vimejua siku nyingi kwamba watu huuliza habari ya ithibati, hivyo vimejiundia mashirika ya ithibati yenye nembo za kuvutia na anwani za kupendeza. Jina la shirika litafutwe katika orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani au katika ile ya CHEA, baraza la vyuo lililoundwa mwaka 1996, na utafutaji uanzie kwenye tovuti za vyombo hivyo vyenyewe. Usifuate kiungo kilichowekwa na chuo.

Tofautisha ngazi na aina za taasisi

Mifumo mingi ina zaidi ya mlango mmoja, na milango hiyo haifikishi mahali pamoja. Ujerumani ina vyuo vikuu na ina Fachhochschule, ambazo nyingi sasa hujiita vyuo vya sayansi tumizi. Zote mbili hutoa shahada ya kwanza na ya umahiri, lakini uzamivu kwa kawaida hupatikana chuo kikuu, isipokuwa katika baadhi ya majimbo yaliyoanza kuufungua mlango huo, Hessen likitangulia mwaka 2016. Anayepanga kuwa mhadhiri na alijue hilo mapema.

Ufaransa ina mgawanyiko mkali zaidi. Upande mmoja ni vyuo vikuu, vinavyompokea kwa wingi aliyefaulu mtihani wa mwisho wa sekondari; upande wa pili ni grandes écoles, shule ndogo za wateule, ambazo kwa kawaida mtu huziingia baada ya miaka miwili ya maandalizi makali na mtihani wa ushindani. Maandalizi hayo, jambo la kushangaza kwetu, hufanyika ndani ya majengo ya sekondari, ingawa yanahesabiwa kuwa elimu ya juu. Wala si zote zilizo chini ya wizara ya elimu ya juu: École polytechnique, iliyoanzishwa mwaka 1794, iko chini ya wizara ya majeshi.

California ndiyo iliyoziandika ngazi zake waziwazi kuliko wote. Mpango Mkuu wa mwaka 1960 uligawa vyuo vya umma katika tabaka tatu: Chuo Kikuu cha California kwa sehemu ya juu kabisa ya wahitimu wa sekondari, yaani asilimia 12.5; Chuo Kikuu cha Jimbo la California kwa theluthi ya juu; na vyuo vya jamii kwa yeyote anayeweza kunufaika na masomo. Mtu anaweza kuanza katika chuo cha jamii kwa ada ndogo, kisha akahamia chuo kikuu mwaka wa tatu na kumaliza na shahada ileile. Waombaji wetu wengi huipuuza njia hiyo kwa sababu chuo cha jamii kinasikika kama chuo cha mtaani, na nadhani ni hasara.

Usidanganywe na vyeo

Nani anaongoza chuo? Swali linaonekana jepesi mpaka ujue kwamba cheo kimoja hubeba kazi tofauti kila kinapohamia. Tanzania husema Mkuu wa Chuo na Makamu Mkuu wa Chuo. Kenya husema Chansela na Naibu Chansela. Katika nchi zote mbili, kama ilivyo Oxford, wa kwanza ni wa heshima, huvaa joho na kutunuku shahada siku ya mahafali, na yule anayeitwa makamu ndiye anayeamka kila asubuhi kuendesha chuo. Huenda hakuna makamu mwingine duniani asiye na bosi ofisini. Heshima hiyo iliwahi kuwa na meno ya kisiasa: nchini Kenya, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Rais alikuwa chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma.

Ukifika Ujerumani, Kanzler wa chuo ni mkuu wa utawala na bajeti, na kiongozi wa taaluma ni rekta au rais. Kule Kongo rekta ndiye kiongozi mtendaji, ilhali katika vyuo vya kale vya Scotland rekta huchaguliwa kwa kura, wanafunzi wakiwa ndio wapiga kura wakuu, na ana haki ya kuongoza vikao vya baraza. California imetia chumvi zaidi: katika Chuo Kikuu cha California rais anaongoza mfumo mzima na chansela anaongoza kampasi moja; lakini katika Chuo Kikuu cha Jimbo la California chansela anaongoza mfumo mzima na rais anaongoza kampasi moja. Barua iliyosainiwa na chansela inaweza kuwa imetoka kileleni, ghorofa ya kati au kwenye jukwaa la mahafali tu.

Badala ya vyeo, tafuta vikao viwili: kile kinachoshika fedha na mali, na kile kinachoshika mitaala na mitihani. Kwetu ni baraza la chuo na seneti. Katika Chuo Kikuu cha California, cha kwanza ni bodi ya Regents yenye watu 26, ambao 18 huteuliwa na gavana kwa vipindi vya miaka 12, muda mrefu kuliko gavana mwenyewe atakavyokaa madarakani, na hilo lilikusudiwa. Chuo ambacho huwezi kuviona vikao hivyo viwili, ambacho mmiliki, mkurugenzi na msaini vyeti ni mtu mmoja, kiache.

Isome barua iliyo mezani

Tuseme umepokea barua ya udahili kutoka taasisi ya binafsi ya Ujerumani. Usianze na aya ya pongezi. Shuka chini kabisa ya ukurasa, au fungua ukurasa wa tovuti uitwao Impressum, ambao sheria ya Ujerumani inawalazimisha wenye tovuti kuuweka. Tafuta maneno "staatlich anerkannt", yaani inatambuliwa na jimbo, na jina la jimbo lililoitambua. Kama barua imetoka taasisi ya nchi nyingine, ingia anabin, hazina ya taarifa ya ofisi ya pamoja ya majimbo ya Ujerumani inayoshughulikia elimu ya nje, uandike jina la taasisi. Ikitokea H+, taasisi inatambuliwa kuwa ya elimu ya juu katika nchi yake; H− inamaanisha haitambuliwi; na alama ya katikati inakutaka usome maelezo, kwa kuwa hutegemea kozi au kipindi. Hazina hiyo ina nchi nyingi, vikiwemo vyuo vyetu, na ni zoezi zuri kukitafuta kwanza chuo chako mwenyewe ili uone wengine wanavyokusoma.

Baada ya hapo rudi nyumbani. Utambuzi wa tuzo za nje kwa Tanzania hufanywa na TCU, na kwa Kenya shahada hupitia CUE. Vyombo hivi huangalia kama taasisi ilikuwa na ithibati katika nchi yake. TCU pia hutoa barua ya kutokuwa na pingamizi kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje, na aliyeipata kabla ya safari hupunguza maswali wakati wa kurudi. Anayesomea fani yenye bodi yake, kama uhandisi, udaktari au sheria, na aulize bodi husika pia, kwa maana kutambuliwa kwa shahada hakumsajili mtu kuwa mhandisi. Ndani ya Afrika Mashariki mambo yameanza kulegea: tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walilitangaza eneo letu kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu, na baraza la vyuo vikuu la Jumuiya lenye makao Kampala ndilo linaloratibu utekelezaji.

Ikiwa kisanduku kimoja bado kiko wazi, iandikie ofisi ya msajili wa chuo barua pepe fupi, bila kueleza habari zako: "Naomba kujua ni chombo gani kilichoipa taasisi yenu mamlaka ya kutunuku shahada hii, kwa sheria au hati ipi, na ni lini ithibati yenu itapitiwa tena." Ofisi ya kweli hujibu kwa jina la chombo, jina la sheria na mwaka. Ukijibiwa kwa picha za maktaba na punguzo la ada litakaloisha Ijumaa, funga faili hilo.